Turbo Mpya Inapovuja Oili: Chanzo Kitafutwe Kabla ya Kununua Nyingine

Na Mwandishi Wetu

Mmiliki wa gari anapogharamia turbo mpya hutarajia kuwa tatizo limekwisha. Hata hivyo, hutokea siku chache baada ya matengenezo gari likaanza kutoa moshi wa buluu, au oili ikaonekana kwenye mabomba ya hewa. Uamuzi wa haraka huwa ni kuilaumu turbo na kununua nyingine. Mara nyingi turbo hiyo ya pili nayo huvuja, kwa sababu chanzo cha tatizo hakikuwa ndani ya turbo bali katika mifumo inayoizunguka.

Makala haya yanaeleza kwa nini hali hiyo hutokea, na hatua ambazo mwenye gari anapaswa kuzidai kwa fundi wake kabla ya kutoa fedha kwa mara ya pili.

Namna turbo inavyohifadhi oili

Turbo ina feni mbili zilizounganishwa na shafti moja. Feni ya kwanza huzungushwa na moshi wa moto unaotoka katika injini. Ya pili husukuma hewa kuingia katika injini hiyo. Shafti hiyo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na hubebwa na utando mwembamba wa oili ndani ya beringi.

Oili huingia katika turbo ikiwa na shinikizo kutoka pampu ya injini, lakini kutoka kwake ni tofauti. Ikishapita kwenye beringi huchanganyika na hewa, ikawa kama povu, kisha hushuka kwa uzito wake yenyewe kurudi katika sampu. Hakuna pampu inayoivuta. Ndiyo maana bomba la kurudisha oili huwa pana kuliko lile la kuingizia.

Jambo lisilofahamika kwa wengi ni kwamba, katika turbo nyingi, kinachozuia oili isitoke kwenye ncha za shafti si sili ya mpira kama zile za sehemu nyingine za injini. Ni pete za chuma zinazofanana na ringi za pistoni, na pete hizo peke yake hazizibi kikamilifu. Husaidiwa na shinikizo la hewa upande mmoja na la moshi upande wa pili, ambayo kwa pamoja huirudisha oili ndani. Uwiano huo ukivurugika, oili itatoka hata kama turbo imetolewa kwenye boksi siku hiyo hiyo.

Ukaguzi uanzie nje

Hatua ya kwanza ni kuthibitisha kuwa oili inatoka kwenye turbo kweli. Sehemu yote isafishwe na kukaushwa, injini iwashwe, kisha ifuatiliwe oili inapoanzia. Oili inayochuruzika kutoka kwenye kifuniko cha juu cha injini, au kwenye maungio ya bomba la kuingizia, huweza kushuka juu ya turbo na kumpotosha fundi.

Hatua ya pili ni kufungua bomba la hewa kabla ya feni. Oili ikikutwa hapo, yaani sehemu ambayo hewa bado haijafika kwenye turbo, kwa kawaida imetoka kwenye mfumo wa injini wa kupumua. Utando mwembamba wa oili katika mabomba hayo ni jambo la kawaida. Oili inayotuama ndiyo dalili ya tatizo.

Oili ikionekana baada ya feni ya hewa pekee, chujio la hewa na bomba lake vikaguliwe mapema. Chujio lililoziba husababisha mvuto mkali mbele ya feni, na mvuto huo huitoa oili kupitia kwenye pete.

Bomba la kurudisha oili

Iwapo oili inatoka upande wa moshi, au pande zote mbili, bomba la kurudisha oili ndilo la kushukiwa kwanza. Lifunguliwe kabisa na kutazamwa ndani. Huweza kuwa limeziba kwa masizi ya oili iliyoungua, limekunjwa wakati wa kufunga, au gasketi yake imewekwa vibaya na kufunika sehemu ya tundu. Silikoni inayopakwa badala ya gasketi ni kosa jingine: ikibanwa hujitokeza ndani na kupunguza njia, na vipande vyake huweza kukatika na kuziba. Bomba linapaswa kushuka karibu wima, bila mkunjo unaoweza kutuamisha oili. Kiwango cha oili katika injini nacho kipimwe, kwani ikizidi hukwamisha ile inayorudi.

Linalofuata ni shinikizo ndani ya injini. Ringi za pistoni zilizochakaa, au tundu la kupumulia lililoziba, hufanya gesi zijae katika sampu na kuizuia oili kushuka. Shinikizo hilo lipimwe kwa geji badala ya kukisiwa. Fundi ahakikishe pia kuwa njia ya moshi, ikiwemo kichujio cha masizi kwa magari ya dizeli yaliyo nacho, haijaziba.

Baada ya hayo yote ndipo turbo yenyewe ikaguliwe, injini ikiwa imezimwa na kupoa. Shafti kucheza kidogo kuelekea pembeni ni kawaida. Feni kugusa ukuta, au shafti kucheza kwa dhahiri kwenda mbele na nyuma, ni uharibifu.

Masalia ya turbo ya zamani

Turbo iliyokufa huacha oili katika mabomba, rejeta ya kupoozea hewa na sailensa. Masalia hayo yasiposafishwa, gari litatoa moshi ingawa turbo mpya ni nzima. Hatari ni kubwa zaidi kwa injini ya dizeli, kwani oili nyingi ikivutwa ndani huungua kama mafuta, na injini huweza kuongeza kasi yenyewe bila kutii ufunguo inapozimwa. Vilevile, oili inayodondokea bomba la moshi lenye moto huweza kuwasha gari. Dereva anayeona moshi mzito wa buluu ukiongezeka anapaswa kusimama mahali salama, kuzima injini na kuomba msaada badala ya kuendelea na safari.

Wajibu wa fundi na haki ya mteja

Wakati wa kufunga turbo mpya, oili na chujio lake vibadilishwe, na bomba la kuingizia oili lisafishwe au libadilishwe. Turbo itiwe oili safi kabla injini haijawashwa, na baada ya kuwashwa iachwe inguruma taratibu kwa dakika chache bila kukanyaga mafuta.

Mwenye gari adai maelezo ya maandishi kuhusu kilichoua turbo ya kwanza, arudishiwe kifaa cha zamani, na atunze risiti pamoja na masharti ya dhamana. Kwa kawaida dhamana haihusu uharibifu uliotokana na oili chafu au ufungaji mbaya, hivyo bila kumbukumbu hizo ni vigumu kudai chochote. Anayeshuku kuwa ameuziwa kifaa bandia anaweza kutoa taarifa Tume ya Ushindani (FCC), taasisi yenye jukumu la kumlinda mlaji na kudhibiti bidhaa bandia nchini.

Kwa ujumla, fundi anayependekeza turbo nyingine aombwe kwanza aonyeshe bomba la kurudisha oili likiwa limefunguliwa na kusafishwa, pamoja na kipimo cha shinikizo ndani ya injini. Kabla ya mambo hayo mawili kukamilika, si wakati wa kununua.