Jaribio Kabla ya Kanuni

Katika makala haya nakusudia kueleza desturi moja ya watunzi wa programu za kompyuta, nayo ni ile ya kuandika jaribio kwanza na programu baadaye. Huenda msomaji akadhani kwamba jambo hili halimhusu mwanaisimu. Lakini mfano wake mmoja ulio wazi sana watokana na sarufi yenyewe.

Jaribio la namna hii ni programu ndogo ipimayo kipande kimoja tu cha programu kubwa. Hukipa kipande hicho neno au tarakimu, kisha hulinganisha jibu litokalo na jibu lililotarajiwa; yakitofautiana, hutangaza kosa. Kent Beck, Mmarekani, aliunda chombo cha majaribio haya kwa lugha ya Smalltalk. Halafu, mwaka 1997, yeye na Erich Gamma wakaunda JUnit kwa lugha ya Java. Utaratibu ambao Beck aliueneza una hatua tatu. Kwanza huandikwa jaribio, nalo hushindwa, maana kinachopimwa hakijakuwapo. Pili huandikwa programu ya kutosha tu kulifaulisha. Tatu programu husafishwa pasipo kubadili matokeo yake.

Tuchukue wingi wa majina ya Kiswahili. Tuandike matarajio mawili: kitabu huwa vitabu, na chui hubaki chui. Kanuni ya kugeuza ki- kuwa vi- yatosha kwa yote mawili. Sasa tuongeze la tatu: chombo huwa vyombo. Jaribio lashindwa, nasi twaongeza kanuni ya kugeuza ch- kuwa vy-. Chombo kimefaulu, lakini papo hapo chui, aliyekuwa salama, amegeuka "vyui". Kama majaribio ya awali yasingalirudiwa yote, kosa hili lingalipita bila kuonekana. Nalo latufundisha kwamba kanuni yapaswa kuitambua ngeli, wala si herufi peke yake.

Katika programu huria za wavuti manufaa haya ni makubwa zaidi, kwa kuwa mtu yeyote, wa nchi yoyote, aweza kupendekeza badiliko katika kazi asiyoianzisha. Majaribio ndiyo yamwonyeshayo mtunzaji kama badiliko la mgeni limeharibu kilichokuwa kizima.

Programu ya Ruby on Rails, iliyotolewa mwaka 2004 na David Heinemeier Hansson wa Denmark, hutumiwa kujengea tovuti. Aina ya kitu ikiitwa Person, programu hii hutafuta jedwali liitwalo people. Kwa hiyo hapana budi ijue wingi wa Kiingereza. Miongoni mwa majaribio yake imo orodha ya jozi: search na searches, mouse na mice, ox na oxen. Imo pia jozi ya virus na viri. Waingereza husema viruses. Na katika Kilatini viri maana yake ni wanaume. Hata hivyo jaribio lafaulu.

Msomaji atauliza, mbona halisahihishwi? Sababu ni kwamba kanuni ikibadilishwa, tovuti zilizokwisha kujengwa juu yake zitatafuta majedwali yasiyokuwapo. Ndiyo maana wasimamizi wametangaza kwamba hawapokei tena marekebisho ya kanuni hizo. Atakaye wingi mwingine huongeza kanuni yake katika programu yake mwenyewe.

Twaona basi kwamba jaribio halithibitishi ukweli. Huthibitisha mapatano tu baina ya programu na matarajio ya aliyeliandika. Na matarajio yakiwa na kosa, jaribio hulilinda kosa hilo kwa uaminifu uleule lilindao usahihi. Hapa ndipo ilipo kazi yetu. Programu zinazoshughulikia Kiswahili, kama zile za kusahihisha tahajia, zahitaji orodha za namna hii, na orodha zenyewe huandikwa mwanzoni. Wajuao ngeli wasipokuwapo wakati huo, watakuta "vyui" amekwisha kutegemewa na wengi, wala hapana atakayekubali kumwondoa.