Maji Moto na Kipepeo wa Michungwa

Jioni moja jirani yangu, ambaye ni sajini, alinijia akijikuna mikono yote miwili. Alikuwa akipunguza matawi ya mlimau ulio nyuma ya nyumba yake, akashika kiota cha maji moto bila kujua. “Mwalimu,” akaniambia, “kesho nawachoma wote.” Nilimsihi angoje, nikamwonyesha mche mwingine ambao majani yake machanga yalikuwa yameliwa, ikabaki mishipa mitupu.

Aliyekula majani hayo ni mtoto wa yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, ambaye wataalamu humwita Papilio demodocus. Kipepeo huyu hutaga yai mojamoja juu ya majani machanga ya jamii ya michungwa, kisha huenda zake. Mwanawe hatamjua kamwe. Kiwavi akiwa mdogo hufanana mno na kinyesi cha ndege. Akikua huwa kijani, na akiguswa hutokeza nyuma ya kichwa pembe mbili laini zenye harufu kali. Viwavi wachache tu waweza kuumaliza mche mdogo.

Maji moto, yaani Oecophylla longinoda, nao hupitia hali zilezile nne: yai, funza, pupa na mdudu kamili. Lakini funza wao hulelewa, tena hutumikishwa. Vibarua huvuta kingo za majani mabichi mpaka zikutane, wakishikana viunoni kama mnyororo. Wengine huja na funza kinywani, wakimpitisha huku na huko kama fundi apitishavyo sindano, naye hutoa uzi wa hariri unaoyashona majani. Sijapata kusikia nyumba nyingi zijengwazo kwa jasho la watoto wachanga!

Viwavi na wadudu wengine watambaao mtini huwindwa nao. Wachina walitumia jamaa za maji moto kulinda michungwa tangu karne ya 4. Na huko Unguja, katika miaka ya 1950, ilichunguzwa jinsi wanavyookoa minazi na mdudu afyonzaye nazi changa. Kasoro yao ni kwamba hulinda pia vidudu vifyonzavyo utomvu wa mti, kwa ajili ya maji matamu vitoayo.

Sajini alikata kiota cha chini, akaviacha vya juu. Viwavi vya mche ule huokotwa kwa mkono na watoto, na mkewe hujipaka majivu mikononi kabla ya kuchuma malimau.