Kumvi za Mpunga si Taka

Juzi alinijia ofisini mwanafunzi wa uhandisi, mkononi ana ikisiri ya tasnifu yake, akitaka nimsahihishie Kiswahili. Utafiti wenyewe ulihusu kusafisha maji machafu ya viwanda kwa kutumia mabaki ya mazao. Kumvi za mpunga, maganda ya kahawa na vifuu vya nazi, vyote alikuwa amevifumbata katika neno moja: taka.

"Kwani si taka, Mwalimu?" akauliza.

Nilimjibu kwamba wazee wa pwani hawakuviita hivyo. Makumbi ya nazi hutolewa usumba wa kusokotea kamba, kifuu hufanywa kata ya kuchotea maji, na chicha hulishwa kuku. Kila kimoja kina jina lake kwa kuwa kina kazi yake.

Sayansi nayo inawaunga mkono wazee hao. Kifuu kikichomwa pasipo hewa ya kutosha, kisha kikapitishiwa mvuke wenye joto kali, hugeuka makaa yenye vitundu vidogo mno. Gramu moja yaweza kuwa na nyuso za ndani zenye eneo la kama mita mraba 1,000. Kijana wangu alikuwa ameandika kwamba makaa hayo "hunyonya" uchafu. La hasha! Sifongo hunyonya, makaa hunasa, uchafu ukaganda kutani mwa vile vitundu. Kumvi, ambazo ni takriban sehemu moja kwa tano ya uzito wa mpunga, nazo huweza kunasa risasi na kromiamu, hasa zikitiwa asidi au alkali kwanza. Kule Mwea hazikosekani. Mwenye kiwanda kidogo cha ngozi, asiyemudu makaa ya kuagizwa ng'ambo, angepata afueni.

Lakini kuna jambo ambalo ikisiri ile ililipita kimya. Risasi haiozi. Kumvi zilizoinasa zikitupwa ovyo, mvua yaweza kuirudisha mtoni. Zikifanywa kuni, sehemu yake huruka na moshi, nyingine ikabaki jivuni. Hapo ndipo kumvi huwa taka kweli, tena taka ya sumu, na gharama ya kuzihifadhi ndiyo itakayoamua iwapo njia hii ni nafuu.

Nilimrudishia karatasi yake nimelifuta neno "taka" kote, nikaliandika upya mara moja tu, mwishoni, pamoja na swali: zikishashiba risasi, zitapelekwa wapi? Hajarudi bado.