Afro 70 na "Bado Kijana": kwa nini santuri ya Patrick Balisidya ilitengenezwa Sweden

Kila tunapopiga "Harusi" ya Afro 70 kwenye muziki wa zamani, ujumbe huja mfululizo kutoka Newala mjini, Kitangari, Lukuledi na Chiungutwa. Wengi wanatuma salamu tu, na tunazisoma. Lakini wapo wanaouliza maswali mazito. Nani anapiga kile kinanda? Mbona bendi hii haifanani na Msondo wala Sikinde? Na lile linalorudi mara nyingi zaidi: ni kweli kwamba Balisidya alirekodi na Wazungu?

Ni kweli. Mwaka 1979 Patrick Balisidya alitoa santuri nzima pamoja na kundi la Sweden liitwalo Archimedes Badkar. Jina lake ni "Bado Kijana", na imeandikwa kwa jina la Afro 70 na la Waswidi hao. Wasikilizaji wetu wengi hawajawahi kuiona, na kwa nini hawajaiona ni habari yenyewe. Ili ieleweke inabidi turudi nyuma miaka 10.

Mwishoni mwa miaka ya 60 vijana wa Dar es Salaam walikuwa wamepagawa na muziki wa soul kutoka Marekani: James Brown, Otis Redding, Aretha Franklin. Msikilizaji asiyeujua muziki huu aufikirie hivi. Ulizaliwa kwa watu weusi waliokulia kanisani, wakauchukua ule uimbaji wa kwaya wenye kupaza sauti na kuitikiana, wakauingiza ukumbini. Chini ya mwimbaji kuna besi na dramu zinazoshika pigo moja bila kuliacha, kinanda cha umeme kinajaza katikati, tarumbeta na saksafoni zinakata kwa vipande vifupi. Mwimbaji ndiye anayepigwa picha, lakini kazi kubwa iko kwa hao wa nyuma. Kule Detroit, kampuni ya Motown ilikuwa na wapigaji wake wa kudumu walioitwa Funk Brothers. Walipiga kwenye nyimbo zilizozunguka dunia nzima, na kwa miaka mingi majina yao hayakuandikwa hata kwenye jalada.

Serikali haikufurahia. Tangu Januari 1969 Umoja wa Vijana wa TANU ulikuwa kwenye Operesheni Vijana, wakipambana na sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na dawa za kujichubua. Novemba mwaka huohuo Mkuu wa Mkoa wa Pwani, Mustafa Songambele, akapiga marufuku muziki wa soul katika kumbi za Dar es Salaam, ambayo wakati huo ilikuwa ndani ya mkoa wake. Hoja ilikuwa maadili, hasa wanafunzi waliokuwa wakikimbilia dansi za mchana. Magazetini watu walibishana kweli kweli. Wapo waliounga mkono, na wapo waliouliza kwa nini rumba ya Kongo iruhusiwe na soul ikatazwe, maana zote zilikuja kwa santuri.

Na kilichosifiwa kama muziki halali wa taifa kilikuwa nini? Ngoma za jadi. Hapo sisi wa huku kusini tunaingia moja kwa moja, kwa sababu katika ngoma zilizobebwa na kikundi cha ngoma cha taifa, sindimba ya Wamakonde ilikuwa mbele kabisa. Sindimba ilichezwa kwenye sherehe za kitaifa na mbele ya wageni wa nje, na watoto wa shule wa mikoa ambayo haijawahi kumwona Mmakonde wakafundishwa kuikata. Ya jukwaani ilipangwa safu na kufupishwa, wachezaji wakaelekezwa kwa watazamaji. Mzee wa Newala anayeijua ile inayochezwa uwanjani, na watu wamezunguka, anaijua tofauti bila kuelezwa.

Lakini tega sikio. Kwenye ngoma za Kimakonde vinganga vinashika pigo dogo lisilobadilika, na ngoma kubwa inazungumza juu yake na kumwongoza mchezaji. Wapigaji wanazikausha ngozi kwenye moto mpaka sauti ipande, kisha hakuna anayeruhusiwa kulegeza. Mtu aliyelelewa na mpangilio huo hapati tabu kuelewa bendi ya James Brown inafanya nini. Kwa maoni yetu, waliosema soul ni ugeni mtupu hawakusikiliza sana. Kilichokuwa kigeni ni lugha na mavazi.

Katika hali hiyo ndipo alipojitokeza Patrick Balisidya. Alizaliwa mwaka 1946 Mvumi, Dodoma. Mvumi inafanana na Masasi kwa jambo moja: ni mahali pa misheni ya zamani ya Kianglikana, kama Masasi ilivyo tangu 1876, na watu wa Masasi wanajua jinsi kwaya inavyomfunza mtoto kusikia sauti nne kwa mpigo mmoja. Alipofika Dar es Salaam alipitia Dar es Salaam Jazz, bendi ya Michael Enoch, mwanamuziki aliyeweza kupiga karibu kila chombo. Kisha akaanzisha Afro 70, na mtindo wake akauita Afrosa.

Aliimba, alipiga gitaa na kinanda, alitunga na kupanga nyimbo. Bendi nyingi kubwa za wakati ule zilikuwa mali ya mashirika na jumuiya za umma: NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Vijana Jazz ya Umoja wa Vijana, Polisi Jazz ya jeshi la polisi. Shirika lilinunua vyombo na kulipa mishahara. Afro 70 ilijitegemea. Uzuri wake ni kwamba hakuna bosi wa kukuambia upige nini. Ubaya wake ni kwamba kamba ya gitaa ikikatika unajua mwenyewe.

Alichofanya Balisidya, tunavyosikia sisi, ni kuichukua soul bila kuitaja. Hakuimba kwa Kiingereza akiigiza Wamarekani. Aliimba Kiswahili kinachoeleweka na bibi na mjukuu, juu ya besi inayotembea na kinanda cha umeme kinachonung'unika chini. Sikiliza tena "Harusi" ukiacha maneno pembeni. Gitaa ni la hapa hapa nyumbani, lakini namna vyombo vinavyoachiana nafasi, kila kimoja kikisema kidogo na kunyamaza, ndiyo kazi ya wale wa nyuma tuliowataja. Marufuku ilihusu jina na santuri za nje. Hakukuwa na namna ya kukataza ufundi.

Sasa tuje kwenye kurekodi.

Miaka ya 70 bendi ya Tanzania ilikuwa na sehemu moja kubwa ya kurekodi: studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, kwenye barabara ya Pugu ambayo sasa ni Nyerere. Maneno ya nyimbo yalikaguliwa kwanza. Kisha bendi yote iliingia chumba kimoja, waimbaji, magitaa, dramu na tarumbeta, vipaza sauti vichache vikawekwa, fundi mitambo akasogeza watu: wewe wa tarumbeta rudi nyuma, wewe mwimbaji sogea. Wimbo ulipigwa mara moja, mwanzo hadi mwisho. Mpiga saksafoni akikosea dakika ya tano, wote wanaanza upya. Vijana wetu wa Masasi wanaoingiza sauti leo mstari kwa mstari kwenye kompyuta hawawezi kuamini. Ndiyo maana bendi zile zilifika studio wimbo ukiwa umeiva, umeshapigwa kumbini wiki nyingi.

Kanda ilibaki redioni. Bendi ilipata malipo madogo ya kurekodi, wimbo ukapigwa hewani mpaka Newala, lakini dukani haukuwepo. Redio haikuwa kampuni ya santuri, na Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuzichapa. Aliyetaka santuri alikwenda Nairobi. Huko kulikuwa na studio za biashara, kiwanda na mawakala, na santuri nyingi za Kiswahili ambazo babu zetu walizicheza kwenye gramafoni zilichapwa huko.

Halafu njia hiyo ikaziba. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na Februari mwaka huo mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Haukufunguliwa mpaka 1983. Wapo wanamuziki waliopenya. Mbaraka Mwinshehe alikuwa Kenya alipofariki kwa ajali ya gari Januari 1979. Lakini kwa kiongozi wa bendi inayojitegemea, kuvuka na watu na vyombo kulikuwa kugumu. Juu yake ikaja vita vya Kagera, na fedha za kigeni za kununulia vyombo zikawa hadithi.

Kwa hiyo mwaka 1979 Sweden haikuwa anasa. Nchi hiyo ilikuwa na uhusiano wa karibu na Tanzania ya Mwalimu Nyerere, wataalamu na misaada yake vilijaa hapa, na vijana wake wengi waliipenda Afrika. Archimedes Badkar, ambalo maana yake ni bafu la Archimedes, yule mwanazuoni wa Kigiriki, halikuwa kundi la dansi. Walichanganya jazi, muziki wa vijijini kwao na vionjo vya Afrika na Asia, na santuri zao zilitolewa na MNW, kampuni ndogo ya Vaxholm karibu na Stockholm iliyosimama mbali na makampuni makubwa. Miongoni mwao alikuwemo Per Tjernberg, mpigaji wa vyombo vya kugonga. Watu hawa walikuwa wameshazoea kukaa chini na kujifunza pigo la wenyewe kabla ya kuligusa.

Ndiyo sababu "Bado Kijana" haisikiki kama Wazungu wanaomsindikiza Mwafrika kwa heshima. Balisidya ndiye anayeongoza, kwa Kiswahili. Studio za Ulaya wakati huo zilikuwa na mashine za njia nyingi, yaani kila chombo kinaweza kuwekwa kwenye mstari wake na kurekebishwa peke yake. Besi inasikika safi, na vyombo vidogo vya kugonga havimezwi. Wapo wanaosema kanda za Radio Tanzania zina joto zaidi, na kwa wimbo wa kuchezea tunakubaliana nao: kosa dogo la chumba kimoja lina utamu wake. Ila kwa mtu anayetaka kusikia Balisidya alikuwa na nini kichwani, santuri ya Sweden inaonyesha zaidi.

Kinachouma ni kwamba wenye lugha hawakuipata. Iliuzwa Ulaya, wakati wanunuzi waliomjua Balisidya kwa jina walikuwa Tanzania, ambako wachache walikuwa na gramafoni na duka la santuri halikuwa na mzigo. Huku kwetu watu walirekodi nyimbo kutoka redioni kwa redio kaseti, wakazinakili na kupeana. Balisidya hakupata senti kwa kaseti hizo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki iliyoleta COSOTA ilipitishwa mwaka 1999, na yeye alifariki mwaka 2004.

Wanamuziki wa Masasi na Newala wanaotuletea nyimbo kwenye fleshi tunawaomba waandike majina yote: aliyetunga, aliyeimba, aliyepiga gitaa, aliyetengeneza mdundo. Nusu ya kazi zinazotufikia zina jina la mwimbaji peke yake, na likija suala la mirabaha hakuna pa kuanzia.

Anayetaka kuisikia "Bado Kijana" aitafute kwa jina hilo pamoja na Afro 70. Nyimbo zake hupatikana mtandaoni. Usisikilize kwa spika ya simu, maana besi itapotea yote. Chomeka kwenye redio yenye waya, au tafuta hedifoni.