Mtoto Akichelewa Kuketi, Usingoje: Mazoezi Huanzia Nyumbani

WAZAZI na walezi wa Kiminini wanahimizwa kumpeleka kliniki mapema mtoto anayechelewa kukaza shingo, kuketi au kutembea. Mara nyingi jirani husema, "Ngoja tu, hata babake alichelewa." Nia ni njema, lakini miezi inayopotea hairudi, kwa kuwa ubongo hukua kwa kasi zaidi katika miaka ya kwanza.

Kitabu cha Afya ya Mama na Mtoto kinaonyesha hatua za ukuaji. Kwa kawaida mtoto huketi kati ya miezi 5 na 9, na hutembea kati ya miezi 12 na 18. Mtoto aliyepita muda huo, aliyekakamaa au kulegea mno, au anayetumia mkono mmoja tu kabla ya kutimiza mwaka, anafaa kuchunguzwa.

Sababu mojawapo ni mtindio wa ubongo. Si laana wala kosa la mama. Ubongo unaweza kuumia mtoto akikosa hewa wakati wa kuzaliwa, akizaliwa kabla ya wakati, au akipata umanjano mkali, malaria ya ubongo au homa ya uti wa mgongo. Hakuna dawa ya kuuondoa, lakini mazoezi humsaidia mtoto kutumia uwezo alio nao.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo humwona mtoto kwa dakika chache; mzazi yuko naye kutwa. Kwa hivyo mwombe akuonyeshe, kisha ufanye mbele yake. Baadhi ya mambo ya kila siku ni haya:

• Unapombadilisha nepi, tenganisha miguu polepole. Usiivute kwa nguvu.
• Mlaze kifudifudi kifuani pako akiwa macho, umwite ili ainue kichwa.
• Mketishe ndani ya beseni, ukimwegemeza kwa leso zilizokunjwa.
• Mlishe akiwa ameketi wima, kamwe si akiwa amelala chali.

Nchini Uganda, mpango wa Baby Ubuntu huwakutanisha wazazi katika vikundi, na mmoja wa viongozi huwa mzazi mwenye mtoto kama huyo. Hapa kwetu pia, mzazi asijifiche. Baba naye ajifunze mazoezi haya.

Anza kwa mhudumu wa afya ya jamii au zahanati iliyo karibu. Ikibidi, utapewa rufaa hadi Hospitali ya Wamalwa Kijana, Kitale. Beba kitabu cha kliniki.