Mchezo wa Skii na Mtu wa Nchi ya Joto

Muhula uliopita, katika somo la jiografia, niliwaonyesha wanafunzi wa Kidato cha Kwanza picha ya mlima wa Whistler, katika nchi ya Kanada. Katika picha hiyo watu wazima na watoto wanateremka mlima mweupe kwa kasi, mbao ndefu miguuni na fimbo mbili mikononi. Darasa zima lilicheka. Mmoja akauliza, "Mwalimu, hao wanakimbia nini?" Mwingine akasema, "Mchezo huo si wetu. Mtu wa Ifakara atajifunzia wapi?" Swali la kwanza lilikuwa la mzaha, lakini la pili lastahili jibu. Naliandika hapa ili wazazi nao wapate kulisoma.

Kwanza yafaa tujue theluji ni nini. Theluji ni maji ya mawinguni yaliyoganda yangali hewani, yakaanguka polepole kama sufi ipeperukavyo kutoka mtini. Haianguki ila mahali penye baridi kali. Ifakara ipo kiasi cha mita 250 tu juu ya usawa wa bahari, na kila upandapo mita 1,000 joto hupungua kwa digrii 6 hivi. Basi tufanye hesabu. Ikiwa hapa ni digrii 30, juu ya Luhombero, kilele kirefu cha Udzungwa chenye mita 2,576, patakuwa na digrii kama 16. Hiyo ni baridi ya kuvaa sweta, si ya theluji. Lakini juu ya Kibo, mita 5,895, hesabu ile ile yatupa digrii 4 chini ya sifuri. Kanada iko mbali sana kaskazini mwa Ikweta, kwa hiyo huko theluji hushuka hata mabondeni wakati wa kipupwe.

Pili, kwa nini mtu huvaa mbao hizo, ziitwazo skii? Kila mkulima wa mpunga ajua jinsi mguu unavyozama katika tope la jaruba. Akilaza ubao mpana juu ya tope na kusimama juu yake, hazami upesi, kwa sababu uzito wake umetawanywa mahali pakubwa. Skii hufanya kazi hiyo hiyo juu ya theluji laini. Zaidi ya hayo, upande wa chini ni laini sana, hivyo huteleza. Na zile fimbo mbili? Mtu aliyewahi kuona mtumbwi ukisukumwa kwa pondo katika mto Kilombero ameelewa nusu ya habari.

Mchezo huu una namna mbili kubwa. Ya kwanza ni kuteremka mlima. Huko Whistler watu hupandishwa juu kwa viti vinavyoning'inia kwenye kamba nene za chuma, kisha huteremka wenyewe. Njia huwekewa alama: duara la kijani kwa wanaoanza, mraba wa buluu kwa wenye ujuzi kiasi, na almasi nyeusi kwa hodari. Hapana budi mtu azitii alama hizo, maana miti ni mingi, na theluji yaweza kuporomoka na kufukia watu. Mashindano ya kuteremka ya Olimpiki ya mwaka 2010 yalifanyika mlimani hapo. Namna ya pili ni mbio za masafa, ambazo mtu hupanda na kushuka vilima kwa nguvu zake mwenyewe.

Sasa turudi kwetu. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann alipoandika kuwa ameona theluji juu ya Kilimanjaro, mabingwa wengine wa Ulaya walimkanusha. Walisema theluji haiwezi kuwapo karibu na Ikweta. Naye alikuwa ameona kweli. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walifika kileleni na kutumia skii katika kushuka. Mwaka huo barafu ya mlima ilienea kama kilomita za mraba 12. Ilipopimwa mwaka 2011, haikufika hata 2. Kwa hiyo hatuna mahali pa kujifunzia mchezo huu, na hata hiyo barafu kidogo inatuaga.

Je, yule mwanafunzi alisema kweli? Sikilizeni habari za Philip Boit, mtu wa Eldoret, Kenya. Alikuwa mkimbiaji wa mita 800. Mwaka 1996 alipelekwa Ufini kujifunza skii, na huko ndiko alikoiona theluji kwa mara ya kwanza. Miaka miwili tu baadaye, mwaka 1998, alisimama katika Olimpiki ya Nagano, Japani, kwenye mbio za kilomita 10. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwe, alitumia dakika 27 na kitu. Boit alitumia dakika 47 na kitu, akawa wa 92, yaani wa mwisho kabisa. Dæhlie hakwenda zake. Alimngoja pale mwishoni, akamkumbatia. Baadaye Boit alimwita mwanawe Dæhlie. Tena alirudi Olimpiki mwaka 2002 na mwaka 2006. Na mwaka 2018 Sabrina Simader, mzaliwa wa Kenya aliyekulia Austria, alishindana katika kuteremka mlima chini ya bendera ya Kenya.

Nilipokwisha kusimulia haya, kijana mmoja wa nyuma, ambaye katika mtihani alikuwa wa mwisho, aliuliza taratibu, "Mwalimu, wale waliokuwa njiani hawakumcheka?" Nikamjibu kwamba waliokuwapo walimshangilia. Hakusema neno tena. Jioni yake nilimkuta maktabani na ramani ya dunia, akipima kwa rula njia ya kutoka Eldoret hadi Nagano.

Mwalimu wa Jiografia