Kaunta ya jikoni imepasuka? Chungulia chini yake kabla ya kumlaumu mtoto

Jumapili moja jioni, miezi mitatu tangu tuhamie nyumba yetu mpya, nilikuwa nafuta kaunta ya jikoni nikaona mstari mwembamba kama unywele. Ulianzia kwenye kona ya nyuma ya sinki ukaenda mpaka ukutani. Nikafuta tena, nikidhani ni uzi wa kitambaa. Haukutoka. Nilipoinama kutazama upande wa mbele, nako kulikuwa na mwingine mfupi uliokata ukingo wa jiwe.

Mzazi mwenzangu uliyejenga kwa kuungaunga, unajua moyo unavyofanya hapo. Kaunta ile ya granaiti nyeusi ilikuwa pesa yangu ya kikoba ya mwaka mzima. Tuliahirisha uzio, tukaahirisha vigae vya baraza, lakini jikoni nikasema walau nipate jiwe la kunidumu.

Siku mbili kabla ya hapo nilimkuta mwanetu wa pili, ana miaka tisa, amepanda juu ya kaunta karibu na sinki akitafuta kikombe kwenye kabati la juu. Basi sikuhitaji shahidi. Nikamwita, baba yake naye akaja. Mtoto akasema, "Mama, mimi nilikuta pameshapasuka." Tukamwambia asiongeze uongo juu ya kosa. Adhabu ikawa wiki mbili bila mpira wala televisheni.

Naandika makala hii kwa sababu mtoto alikuwa anasema kweli.

Jiwe gumu nalo hupasuka

Wengi tunanunua granaiti kwa kuamini kwamba haivunjiki. Ni kweli ni jiwe gumu, jamii moja na miamba mikubwa ya Mwanza, ukiwemo ule wa Bismarck ulio ndani ya Ziwa Victoria. Lakini ugumu wake una masharti. Likilala juu ya kitu kilichonyooka, jiwe hubeba mzigo mkubwa sana. Likishikiliwa upande mmoja na kuning'inia upande mwingine, halipindi kama ubao. Linakatika kama chaki.

Lenyewe pia ni zito. Granaiti yenye unene wa sentimita 2 ina takribani kilo 54 kwa kila mita moja ya mraba. Kaunta ya urefu wa mita 3 na upana wa sentimita 60 inakaribia kilo 100, kabla hujaweka hata sufuria moja. Kabati lililo chini likiwa limeinama kidogo tu, uzito wote huo unahamia sehemu moja.

Mahali dhaifu zaidi ni kwenye sinki na kwenye jiko la kuzamishwa. Fundi akishakata tundu, mbele na nyuma yake hubaki ukanda mwembamba wa jiwe. Kona za tundu zikikatwa kwa pembe kali badala ya kuzungushwa, ufa huanzia hapo hapo. Ndiyo maana nyufa nyingi za kaunta utazikuta karibu na sinki.

Sababu nyingine ni jiwe kusafirishwa likiwa limelazwa badala ya kusimamishwa kwa ubavu, kabati kufungwa bila kupimwa kwa pima maji, na mbao za kabati kuvimba kwa sababu ya bomba linalovuja. Sisi wapishi nasi tuna yetu: kutwanga kinu juu ya kaunta, na kutua sufuria iliyotoka motoni moja kwa moja juu ya jiwe. Mtoto au mtu mzima kukalia ukanda wa sinki nako ni hatari kweli. Ila jiwe lililoshikiliwa vizuri halipasuki kirahisi kwa uzito wa mtoto wa miaka tisa.

Ni ufa au ni mshipa wa jiwe?

Si kila mstari ni ufa. Jiwe la asili lina mistari yake liliyozaliwa nayo. Pitisha ukucha taratibu juu ya mstari kwa kuukata. Ukipita bila kukwama, huenda ni mshipa wa asili. Ukucha ukikwama, au ukahisi upande mmoja uko juu kuliko mwingine, huo ni ufa.

Kisha lowesha sehemu hiyo kwa maji na uifute. Mstari ukibaki mweusi wakati jiwe la pembeni limeshakauka, maji yameingia ndani. Weka alama ndogo ya penseli kwenye kila ncha ya mstari, andika tarehe, piga picha ukiwa umeweka sarafu pembeni. Ndani ya wiki mbili utajua kama unatembea au umetulia.

Wakati unasubiri, ondoa ndoo za maji na vitu vizito, usitwange, usitue vyungu vya moto, na usikate nyama mahali hapo, kwa kuwa majimaji ya nyama mbichi yakiingia kwenye ufa hayasafishiki vizuri. Ikiwa ufa umefika ukingoni, usiruhusu watoto wacheze chini yake. Kipande cha jiwe kikidondoka mguuni kwa mtoto ni balaa.

Siku fundi alipofungua kabati

Nilimpigia fundi aliyetuwekea jiwe. Akanijibu kwa upole wa mtu aliyekwisha jua la kusema: "Dada, hapo mmepiga na kitu." Nikampigia seremala wa makabati, akasema kazi yake ilikuwa sawa, tumuulize mtu wa jiwe. Tungeendelea hivyo mwaka mzima. Baba watoto ndiye aliyesema waje wote wawili, siku moja, saa moja.

Hilo ndilo nitakalomshauri kila mzazi. Ukiwaita mmoja mmoja, kila mmoja ataondoka akiwa amemtupia mzigo asiyekuwepo.

Wakaja Jumamosi. Tukatoa sabuni na ndoo zote chini ya sinki, seremala akaingiza kichwa ndani na tochi ya simu. Alikaa kimya kwa muda. Alipotoka akaniomba nami nichungulie. Nyuma ya sinki hapakuwa na ubao wowote wa kushikilia jiwe. Upande wa kushoto kabati lilikuwa chini kidogo kuliko la kulia, na pengo lilikuwa limejazwa kwa vipande vya katoni vilivyokunjwa. Katoni zilikuwa zimelowa na kubonyea.

Kisha fundi wa jiwe akapitisha wembe kwenye ufa karibu na ukuta ili ausafishe. Kwenye ncha ya wembe ikatoka rangi. Rangi ya maziwa, ile ile ya ukuta wetu wa jikoni.

Tukatazamana. Mafundi wa rangi walimaliza kazi wiki moja kabla hatujahamia. Matone yao yaliingia ndani ya ufa. Ufa ulikuwepo kabla mwanangu hajakanyaga nyumba ile.

Matengenezo yanavyokwenda

Kosa kubwa ni kukimbilia kuziba. Ukiziba ufa bila kurekebisha chini, utafunguka tena. Kwanza kabati linyooshwe kwa pima maji, ubao imara uwekwe mbele na nyuma ya sinki, na mapengo yajazwe kwa kitu kisichobonyea. Katoni si mojawapo.

Baada ya hapo ufa husafishwa, hukaushwa kabisa, na kujazwa gundi ya epoksi ya mawe iliyochanganywa rangi inayofanana na jiwe. Ikishaganda, ziada hukwanguliwa kwa wembe. Saruji nyeupe haifai, wala gundi ile ya kuunganishia viatu. Mwisho jiwe hupakwa dawa ya kuzuia maji kunywewa. Mstari utaonekana ukiutafuta, lakini maji hayaingii.

Ikiwa vipande vimeachana, kimoja kiko juu kingine chini, au ufa umekata kaunta nzima, hapo zungumzia kubadilisha kipande hicho.

Angalizo moja kwa wenye watoto: fundi akija kukata jiwe, akatie nje na kwa maji. Vumbi la mawe haya lina silika, ambayo ikivutwa kwa muda mrefu huharibu mapafu. Jiwe la kutengenezwa kiwandani linaweza kuwa na silika zaidi ya asilimia 90, na Australia ilipiga marufuku utengenezaji na ufungaji wake kuanzia Julai 1, 2024 kwa sababu ya mafundi walioumia. Watoto wawe kwa jirani siku hiyo, na fundi mwenyewe avae barakoa ya vumbi.

Nani alipe?

Kwetu mazungumzo yalikuwa mepesi kwa sababu mbili. Tulikuwa na picha zenye tarehe, na seremala alikuwa bado anatudai sehemu ya mwisho ya pesa yake. Seremala akakubali kurekebisha makabati bure, fundi wa jiwe akatoa kazi yake, sisi tukanunua gundi. Tuliandika kwenye karatasi, wote tukatia saini.

Kwa hiyo unapojenga, usimalize malipo siku ya kukabidhiwa. Kubalianeni mapema, kwa maandishi, kwamba kiasi fulani kitabaki kwa miezi kadhaa mpaka kasoro zionekane. Tunza risiti na ujumbe wa simu. Kabla ya kupokea jiko, fungueni milango ya makabati mtazame chini ya jiwe kwa tochi. Ikiwa aliyekuuzia jiwe bovu ni duka na hasikilizi, Tume ya Ushindani (FCC) hupokea malalamiko ya walaji. Mkandarasi aliyesajiliwa naye ana Bodi ya Usajili wa Makandarasi juu yake.

Deni lililobaki

Mafundi walipoondoka nilikaa na baba watoto jikoni. Adhabu ilikuwa imebakiza siku nne. Niliwaza zile siku kumi: mtoto alikuwa akibeba glasi kwa mikono miwili, akiomba ruhusa ya kufungua kabati katika nyumba yake mwenyewe. Mara moja nilimkuta anapapasa ule ufa kwa kidole.

Tulimwita wote wawili. Baba yake akamwonyesha rangi kwenye wembe, akamweleza ilivyoingia. Kisha akamwambia, "Ulisema kweli, sisi hatukukusikiliza. Tusamehe." Nami nikasema hivyo hivyo. Hatukuongeza "lakini" ya kupanda kaunta. Hilo tulilizungumza siku nyingine, na vikombe nikavishusha kabati la chini anakofikia.

Mtoto aliuliza jambo moja tu: "Kwa hiyo naweza kwenda mpirani?" Akatoka mbio.

Usiku, wakati wa kulala, akarudi mlangoni kwetu. "Mama, ule mpasuko niliuona siku tuliyohamia. Nilidhani ndivyo jiwe lilivyo."

Alikuwa ameuona kabla yetu sote, na hakuna aliyemuuliza.